Usukani Uliokataa Kulala

Mtu anayeuza mashua ya kale akikwambia kwamba "inahitaji mapenzi kidogo tu," elewa kuwa nusu yake iko chini ya maji. Akisema "ina historia," elewa kuwa choo hakifanyi kazi. Sajini Nesta Pugh alijifunza lugha hiyo kwa asubuhi moja, akitembea nyuma ya Bwana Prosser kwenye ukingo wa mfereji, kichwani kavaa kofia ya kijani aliyoiazima kwa dada yake ili afanane na mwanamke mwenye uwezo wa kununua vitu asivyovihitaji.

"Hili ni tishari la Kiholanzi," alisema Prosser, dalali mwenye tumbo la kutangulia na sauti ya kubembeleza. "Lilikuwa likibeba viazi. Sasa lina bafu."

Nesta akachungulia. Bafu lilikuwepo kweli, la chuma, katikati ya tumbo la tishari. Ndani yake bata alikuwa ameatamia mayai, akamtazama Nesta kwa jicho la mwenye nyumba.

"Na bata anauzwa?"

"Bata ni wa msimu tu, mama. Tukielewana nitamwomba ahame."

Cha pili kilikuwa chombo cha kuvunjia barafu, chembamba, kina chuma kirefu katikati kama kishikio cha basi. Prosser alieleza kwamba wanaume kumi walikuwa wakisimama humo wameshika chuma hicho, wanakiyumbisha chombo huku na huku, barafu inapasuka mbele yao.

"Na siku hizi kinafaa kwa nini?"

"Harusi," alijibu Prosser bila kusita.

Nesta akacheka kicheko cha tajiri, alichokifanyia mazoezi ndani ya gari. Lakini chini ya ile kofia hakuwa na raha hata kidogo. Kreni ilikuwa njiani.

Kisa kilikuwa hiki. Bibi Keziah Rudkin alizaliwa ndani ya mashua iitwayo Myrtle, kwenye kitanda cha kukunja, baba yake akiwa nje anamlisha farasi. Alikulia humo, akaolewa humo, akafiwa na mume humo. Myrtle haina injini. Ni ya kukokotwa, zamani na farasi, baadaye na mashua nyingine. Mwaka huu Bibi Keziah alipolazwa hospitali kutengenezwa nyonga, mtu akaikokota na kutoweka nayo. Na sasa hapa kwa Prosser palikuwa na mashua ya aina ile ile, imepakwa rangi mpya na kupewa jina la Lady Arabella, na imeshapata mnunuzi. Mnunuzi ni mwenye baa wa Wolverhampton. Kreni itaiinua mchana, lori litaibeba, na huko itakatwa katikati itoke kaunta mbili, moja ya bia na moja ya saladi.

"Saladi," Bibi Keziah alikuwa akirudia njia nzima. "Mimi nimezaliwa hapo, wao waweke matango."

Nesta alihitaji ushahidi, na hakuwa nao. Mashua za namna hiyo ziliundwa kwa mafungu, zikafanana kama mayai. Kibati cha namba kilikuwa kimebanduliwa. Shahidi pekee alikuwa Bibi Keziah, ambaye wiki iliyopita aliinusa mashua moja katika mji wa Stone, akalia, akaikumbatia, akaapa ndiyo yenyewe. Ikawa ya kasisi. Kasisi mwenyewe alikuwa ndani, anaoga. Tangu siku hiyo pua ya Bibi Keziah haikukubaliwa tena kituoni, na mkubwa wa Nesta alimwambia waziwazi: kreni ikifika kabla hujapata kitu cha maana, rudi ofisini, kuna watu wanaoibiwa magari.

Kwa hiyo Bibi Keziah aliamriwa akae garini asitoke. Nesta aligeuka kutazama. Kule kwenye maegesho kofia ya zambarau ilionekana dirishani, imetulia tuli. Alishukuru kwamba leo ametii.

Kitu kimoja tu Nesta alikuwa na hakika nacho. Mwizi aliikokota Myrtle kwa mashua ya kukodi, akapita malango mengi ya maji, yale yanayopandisha na kushusha mashua mferejini, na kila lango alilifunga nyuma yake. Watu kandokando ya mfereji walimwona na kumpungia mkono, ila uso hakuna aliyeukumbuka. Watalii huacha malango wazi. Wezi, kwa kawaida yao, hawana muda. Huyu aliiba mashua kwa mwendo wa mtu anayekwenda kanisani, akafunga milango yote, na inaelekea alisema asante kwa waliomsaidia. Mtu wa namna hiyo amezaliwa majini au amelelewa majini. Hawezi kuwa mwingine.

"Na sasa," Prosser akapanua mikono, "bibi harusi wetu. Ameshachumbiwa, lakini nakuonyesha tu uone tunauza vitu vya aina gani."

Lady Arabella ilikuwa ndefu na nyeusi, chumba kidogo cha kuishi kikiwa huko nyuma, mlangoni pamechorwa maua ya waridi na kasri lisilokuwa popote duniani. Nyuma kabisa palisimama usukani mkubwa wa mbao, na juu yake ule mkono wake wa kupinda, wa mistari myekundu na myeupe, umeelekea juu kama pembe ya ng'ombe.

Prosser akapiga ulimi. "Tena! Samahani, mama. Kuna mtu ananichezea. Kila siku naushusha huu mkono ukae vizuri kwa picha, nikirudi naukuta umegeuzwa juu. Nimeushusha jana. Nimeushusha juzi."

Akanyanyua mguu ili apande, lakini Nesta akamshika kiwiko.

"Uache kwanza. Nataka kuona ndani."

Aliingia, akagonga kichwa, akaona jiko la makaa upande wa kushoto, sahani za matundutundu ukutani, kitanda cha kukunja. Lakini akili yake ilikuwa imebaki nje, kwenye ule mkono. Asubuhi, ndani ya gari, Bibi Keziah hakunyamaza hata kidogo, na baina ya malalamiko juu ya saladi na malalamiko juu ya bei ya makaa, alikuwa amesema hivi:

"Watu wa siku hizi hawana adabu, mwanangu. Mashua ikitembea, mkono wa usukani unatazama chini, mwendeshaji aushike. Ikifungwa gatini, unauchomoa, unaugeuza, utazame juu. Ukiuacha chini unaziba mlango. Mwenye ndoo hapiti, mwenye mtoto hapiti. Mama yetu alitupiga kofi kwa hilo kabla hajatuuliza kama tumekula. Kofi la yule mama, nakwambia, hata leo siwezi kuona mkono umeshuka nikalala."

Nesta akatoka, akasimama ukingoni, na kofia yake ikamwelemea upande. Mwizi alikuwa hapa hapa. Alikuwa anakuja kila siku kuugeuza mkono, kwa sababu hana namna nyingine.

"Nani huwa hapa kila siku, Bwana Prosser?"

"Mimi. Na Tamsin, mchoraji wetu. Na Daktari Fenwick, mwenye mashua hii, maskini. Sijaona muuzaji mwenye mapenzi kama yake. Kila asubuhi yuko hapa, eti anaaga mali ya shangazi."

Prosser mwenyewe ndiye anayeushusha, akatoka kwenye hesabu. Walibaki wawili.

Tamsin alikuwa kwenye banda lake, ovaroli imejaa rangi ya buluu, ile ile ya herufi za Lady Arabella. Nesta alimpenda papo hapo, na polisi akimpenda mtu papo hapo humshuku maradufu.

"Jina la zamani la ile mashua lilikuwa lipi?"

"Sijui, dada. Ilikuja imeshakwanguliwa. Mwenyewe aliikwangua, vizuri sana, hakuacha hata mkia wa herufi." Tamsin akamtazama kofia. "Wewe si mnunuzi."

"Kwa nini?"

"Wanunuzi huniuliza kama naweza kuwachorea mbwa wao."

Nesta akaokota kipande cha kamba sakafuni, akamtupia. "Hebu nifungie hii kwenye ile nguzo."

Tamsin akaifunga kama mtu anayefunga kamba za viatu, fundo na masikio mawili. Akarudi nyuma akaitazama kazi yake kwa fahari. Mtoto wa mfereji wa miaka mitatu angemcheka.

"Kwenu wapi?"

"Coventry. Ghorofa ya sita."

Basi. Nesta akamwomba achemshe chai na kuileta nje, kwenye benchi linaloielekea Lady Arabella, na amwalike pia Daktari Fenwick. Kisha akarudi mbio hadi kwenye mashua. Hakukuwa na mtu. Milango ya kile chumba ilikuwa imefungwa. Akapanda, akaushika ule mkono wa usukani kwa mikono miwili, akavuta. Ukagoma. Akauwekea goti, akavuta tena, ukachomoka kwa ghafla na kumketisha juu ya paa. Alihema, akaugeuza, akausukumiza ndani, na ukashuka chini mbele ya mlango kama mkono wa mtu anayezuia njia. Alipotoka hapo, kofia ilikuwa na rangi nyekundu na bega lilikuwa linamwuma. Alijisikia vizuri sana.

Daktari Lionel Fenwick, wa meno, wa London, alikuja amevaa viatu vyeupe na leso mfukoni. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, na alikanyaga ukingo wa mfereji kama anayekanyaga barafu.

"Nisamehe, bibie, maji yananitisha," alisema akikaa. "Sijawahi kulala kwenye mashua hata mara moja. Mimi hupata kichefuchefu hata bafuni."

"Kumbe. Na hii umeitoa wapi?"

"Shangazi yangu wa Kent. Aliiweka bustanini, akinywea chai. Mungu amrehemu."

Tamsin akagawa chai ya maziwa na mikate ya shayiri iliyojaa jibini. Prosser akauona mkono umeshuka, uso ukamng'aa.

"Angalieni! Leo umetulia. Hivyo ndivyo inavyopendeza."

"Unaziba waridi zangu," alisema Tamsin, akaendelea kula.

Fenwick aliutazama ule mkono, akautazama mkate wake, akautazama mkono.

"Hujambo, daktari?" Nesta akauliza.

"Sijambo kabisa. Tulikuwa tukisema nini? Meno. Meno yako mazuri, bibie."

Akahama, akakaa upande wa pili wa benchi ili aupe mgongo. Hapo akawa hana pa kutazama ila lile tishari la bata. Bega lake la kushoto likaanza kucheza lenyewe. Akageuka kidogo kwa jicho moja, akarudi. Akageuka tena. Akaweka kikombe chini, akakichukua, akakiweka. Nesta aliuma mkate polepole na kumwuliza Prosser maswali ya kijinga juu ya harusi, na Prosser, ambaye hakuhitaji kuombwa mara mbili, akaanza kueleza mahali keki inapokaa. Kwa mbali, huko barabarani, ikasikika ngurumo ya gari kubwa likipanda kilima.

Ilikuwa kreni. Kama ameukosea mtego, basi Bibi Keziah ataitazama nyumba yake ikipaa angani akiwa amekaa kwenye gari la polisi, na Nesta ndiye atakayekuwa amemfungia mlango.

"Naona upepo umeanza," alisema Fenwick. Hapakuwa na upepo.

"Naam?"

"Nitaitazama ile kamba ya nyuma. Isije ikalegea."

"Lakini maji yanakutisha, daktari."

"Mara moja tu."

Akaondoka na viatu vyake vyeupe. Alitembea kama mgonjwa mpaka ukingoni, lakini mguu ulipogusa mashua alikuwa mtu mwingine. Hakutazama chini. Aliushika ule mkono wa usukani kwa mkono mmoja, akauchomoa, ukazunguka hewani, akauketisha mahali pake ukitazama juu, na kwa kiganja akaupiga mara mbili, pa, pa, kama mtu anayemlaza mtoto. Hata mkono mwingine haukutoka mfukoni.

Bega lake likatulia. Akashusha pumzi ndefu ya raha.

Tamsin alikuwa ameacha kutafuna. "Daktari wa meno gani huyo?"

Nesta akavua kofia, akatoa kitambulisho. "Sajini Pugh, polisi. Daktari, bafuni unapata kichefuchefu, lakini hapo umenishinda mimi, na mimi nilitumia goti."

Fenwick akageuka, uso umeanza kutunga uongo mwingine. Nesta aliuona ukija. Angesema aliona picha kwenye kitabu. Angesema ni bahati. Na mawakili wa London wangemsaidia kusema.

Hapo hapo milango ya kile chumba ikafunguka kutoka ndani, na kichwa cheupe kisicho na kofia kikajitokeza.

"Asante, Jabez," kilisema.

"Si neno, Shangazi," alijibu daktari wa meno.

Prosser alibaki ameinua kisu cha keki ya kufikirika. Yule aliyekuwa Fenwick akafumba macho, kama mtu aliyesikia sahani ikivunjika jikoni na anajua ni ya nani.

"Bibi Keziah!" Nesta akapata sauti. "Nilikwambia ukae garini!"

"Kofia yangu imekaa." Bibi Keziah akapanda kidato kimoja, akajishika kwenye ukingo wa mlango. "Mimi nimekuja kujilaza kwangu kidogo. Nimeamka nataka kutoka, nakuta mtu kaniwekea mti mlangoni. Na nyonga hii mpya! Nikakaa nikasema, hapa nje hakuna mwanadamu aliyelelewa. Mara nikasikia pa, pa. Watu wawili tu walipiga hivyo duniani, na mmoja ni kaka yangu, tumeshamzika." Akamgeukia mpwa wake. "Mwingine nilimfundisha mimi, akiwa na miaka sita, kwa kofi. Umenenepa, Jabez."

"Shangazi, nilifanya kwa ajili yako."

"Ehe."

"Ulianguka! Hapo hapo unaposimama. Mama alikufa kwa baridi ya vyumba hivi, na wewe ungemfuata. Nilijua hutatoka mpaka pasiwe na pa kurudi. Kuna nyumba nzuri, ina joto, ina lifti."

"Na saladi ilikuwa kwa ajili yangu pia? Na hilo jina la mbwa wa malkia ulilonichorea mlangoni?" Sauti ya Bibi Keziah ilipasuka kidogo, akangoja ikae sawa. "Ungekuja ukanigombeza. Ungekuja hata bila maua. Muda wote hospitalini nilikuwa naulizia, Jabez hajafika? Kumbe Jabez yuko kazini, ananihamisha."

Jabez Rudkin alitazama viatu vyake vyeupe. Machozi yalimtoka, na Nesta, ambaye hakutaka kumhurumia, alimhurumia kidogo na kukasirika kwa hilo. Akapanda, akamfunga pingu mkono mmoja, akamsomea haki zake. Alizikubali zote kwa kichwa.

Kreni ikaingia uani ikinguruma. Dereva, kijana mwenye kalamu sikioni, akateremka na kuwatazama: dalali aliyeduwaa, mchoraji anayelia na mkate mkononi, mwanamke mwenye kofia iliyopakwa rangi, na kikongwe anayechomoza kwenye mashua.

"Nimeambiwa kuna mzigo wa kuondoa hapa. Ni upi?"

Bibi Keziah akanyoosha kidole kwa mpwa wake. "Huyo hapo. Mshike taratibu, ana mgongo mbaya."

Prosser ndiye aliyemrudisha dereva garini, akimweleza, kwa sauti ya kubembeleza, faida za chombo cha kuvunjia barafu. Tamsin akaenda kuchukua brashi bila kutumwa, akarudi akauliza Myrtle inaandikwaje. Nesta akamshika Jabez kiwiko wakaanza kupanda ukingo, na walipofika kwenye nyasi, Bibi Keziah akaita.

"Jabez!"

Akageuka.

"Yale malango. Uliyafunga yote?"

"Yote, Shangazi."

Bibi Keziah akafikiri, kiganja chake kikiwa juu ya ule mkono wa mistari, unaotazama juu.

"Sajini," akasema, "na hilo nalo uliandike."